Saratani na Misiba ya Viongozi katika Nyanda za Uasin Gishu

Sugoi ni kijiji cha wakulima katika eneobunge la Turbo, kaunti ya Uasin Gishu, magharibi mwa mji wa Eldoret. Watu wake hulima mahindi, hufuga ng'ombe wa maziwa, na kwa mambo makubwa huenda mjini Eldoret kupitia barabara kuu itokayo Malaba na Webuye. Wakenya wengi wanakijua kwa sababu moja tu: ndipo lilipo boma la William Ruto, aliyekuwa mbunge wa Eldoret Kaskazini kuanzia 1997 hadi 2013, kisha naibu wa rais, na rais tangu Septemba 2022. Misafara ya wajumbe imepokelewa katika boma hilo mwaka baada ya mwaka, na kijiji kikawa mojawapo ya majukwaa ya siasa za Bonde la Ufa.

Katika majukwaa ya eneo hilo, hasa ya misiba, maneno ya aina mbili yamezoea kufuatana: sifa za kiongozi aliyefariki, na malalamiko kwamba saratani inamaliza watu. Msikilizaji wa leo huona ni jambo la kawaida. Kihistoria ni jambo jipya. Hotuba ya mazishi yenyewe si ya kale katika nyanda hizi, na kuutaja ugonjwa huu kwa jina mbele ya jeneza la mtu mkubwa ni desturi isiyofikisha miaka 20.

Mwingereza A. C. Hollis, aliyechapisha mwaka 1909 kitabu chake juu ya Wanandi, mojawapo ya jamii za Wakalenjin wa eneo hili, alieleza namna maiti ilivyoshughulikiwa kabla ya makanisa kuenea. Wafu wengi hawakuzikwa. Maiti ilipelekwa nje ya makazi jioni na kuachiwa fisi. Waliozikwa walikuwa wazee sana na watoto wachanga, na kaburi lao lilikuwa karibu na zizi, penye samadi ya ng'ombe. Jamaa walinyoa nywele, wakaacha mapambo yao, na msiba ukaisha kwa taratibu za ukoo. Hapakuwa na mkutano wa maelfu, wala orodha ya wasemaji, wala mtu wa nje aliyesimama kueleza marehemu alikufa kwa nini. Sababu ya kifo ilikuwa shauri la jamaa, na mara nyingi la wazee waliojua kutafuta chanzo cha mkosi.

Mambo mawili yalibadili utaratibu huo: ardhi na dini. Baada ya Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, kuuawa Oktoba 1905 na upinzani wa Wanandi kuvunjwa, serikali ya kikoloni iligawa nyanda za Uasin Gishu kwa walowezi, wakiwemo Makaburu waliofika kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe mwaka 1908. Eldoret, iliyoanza kama posta kwenye shamba namba 64 na ambayo wenyeji wakaiita Sisibo, ilipata jina lake la sasa mwaka 1912. Reli iliifikia mwaka 1924. Waafrika walirudi kwenye ardhi hiyo wakiwa vibarua na wapangaji wa mashamba, na baada ya uhuru wakawa wamiliki kupitia skimu za makazi, vyama vya ushirika na kampuni za kununua ardhi. Kaburi shambani likawa alama ya umiliki kama lilivyo ua. Makanisa nayo, Africa Inland na Katoliki kwa nafasi ya mbele, yalileta jeneza, ibada, na mtu anayesimama kusoma historia ya marehemu. Chifu akapewa nafasi ya kusema, kisha diwani, kisha mbunge. Kufikia miaka ya 1980 mazishi ya mtu yeyote mwenye jina yalikuwa pia mkutano wa siasa, kwa kuwa kibali cha polisi, kilichohitajika kwa mkutano mwingine wowote, hakikuhitajika kumlilia mtu.

Tangazo la tanzia redioni na gazetini lilikuwa na kauli zake. Aliyeuawa na gari alisemwa kuwa amepata ajali. Aliyekufa kwa saratani alikuwa "ameugua kwa muda mrefu". Kauli hiyo ilifunika magonjwa mengi, na miaka ya 1990 ilifunika Ukimwi zaidi ya yote, ndiyo maana familia zilizopoteza mtu kwa saratani zilikaa chini ya wingu la shaka lisilowahusu.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa umeanza kuandikwa na madaktari miongo mitatu kabla ya hapo, lakini mbali na Eldoret. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, akiwa hospitali ya Mulago, Kampala, alianza kushughulika na watoto waliovimba mataya kwa uvimbe ambao haukuwa umeelezwa vizuri. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari la mtumba kwa wiki kumi, kutoka Uganda kupita Afrika Mashariki hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama zimewahi kuona watoto wa aina hiyo. Waligundua kwamba ugonjwa huo hufuata nyanda za chini zenye joto na mvua, na katika eneo la ikweta hupotea mwinuko unapozidi takriban mita 1,500. Uasin Gishu, yenye miinuko ya mita 2,000 na zaidi, ilikuwa nje ya ramani hiyo. Hata hivyo wodi za watoto za Eldoret zilikuja kuujua vizuri, maana watoto wa tambarare za Busia na Bungoma huletwa huko kutibiwa.

Saratani iliyokuwa ya magharibi mwa Kenya hasa ilikuwa ya umio, yaani mrija unaopeleka chakula tumboni. Katika miaka ya 1960 madaktari waliokusanya takwimu za hospitali za eneo hilo walishangazwa na wingi wake, na mwaka 1969 watafiti Ahmed na Cook walichapisha hesabu zao juu ya Kenya Magharibi. Ramani zilizofuata zilionyesha ukanda unaoanzia Ethiopia, unaopita Kenya, Tanzania na Malawi, na kuishia Afrika Kusini, ambako ugonjwa huo ni wa kawaida. Nchi za Afrika Magharibi karibu hazina. Huko Bomet, hospitali ya misheni ya Tenwek ilipokea wagonjwa wasioweza tena kumeza hata uji. Wengi walifika wakiwa wamechelewa kwa upasuaji, na madaktari wakawa mabingwa wa kuweka kijibomba cha wavu wa chuma ndani ya umio ili mtu aweze kula kwa muda aliobakiwa nao. Mwaka 2010 hospitali hiyo ilichapisha taarifa ya wagonjwa 109 wa saratani ya umio waliokuwa na umri wa miaka 30 au chini ya hapo. Kwingine duniani huo huwa ugonjwa wa wazee.

Eldoret yenyewe ilikuwa na hospitali ndogo ya vitanda 60 tangu 1917. Ilikua ikawa hospitali ya wilaya, kisha Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzisha kitivo cha tiba mwishoni mwa miaka ya 1980 ikawa mahali pa kufundishia madaktari, na mwaka 1998 ikatangazwa rasmi kuwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Mwaka uliofuata, 1999, ilianzishwa rejista ya saratani ya Eldoret. Tukio hilo halikupigiwa ngoma, na hadi leo halina mahali katika hotuba yoyote, ingawa ndilo tukio kubwa kuliko yote katika historia inayosimuliwa hapa. Makarani walianza kupitia mafaili ya wodi, ripoti za maabara na vyeti vya vifo, wakiandika kila mgonjwa mara moja: umri, jinsia, makazi, na mahali saratani ilipoanzia. Kabla ya hapo mtu wa Sugoi aliyesema saratani imezidi, na jirani yake aliyesema haijazidi, walikuwa na uhakika sawa.

Ukimwi, uliokuwa umeifunika saratani, ndio pia uliofungua mlango wa kuitibu. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa na vyuo vya Marekani vikiongozwa na Chuo Kikuu cha Indiana viliunda mpango wa AMPATH wa kutibu virusi vya Ukimwi, ukianzia Eldoret na kituo cha afya cha Mosoriot, kisha ukaenea vijijini hadi Turbo, karibu na Sugoi. Madaktari wake walikutana kila siku na saratani zinazoandamana na upungufu wa kinga: Kaposi sakoma ya ngozi, saratani ya tezi za limfu, saratani ya mlango wa kizazi. Mgonjwa aliyepewa dawa za virusi akapona homa alirudi baada ya mwaka akiwa na uvimbe. Kliniki ya saratani ilizaliwa hivyo, ndani ya kliniki ya Ukimwi, na baadaye ikapata jengo lake, kituo cha Chandaria, ndani ya uwanja wa hospitali. Mionzi ilichelewa kuliko vyote. Kwa miaka mingi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, ndiyo pekee ya umma iliyokuwa na tiba hiyo, na foleni yake ilihesabiwa kwa miezi. Mtu wa Turbo aliyeandikiwa mionzi alihitaji nauli, mahali pa kulala Nairobi kwa wiki kadhaa, na subira ambayo uvimbe haukuwa nayo.

Wanasiasa waliingia katika hadithi hii mwaka 2011, na kwa njia isiyotarajiwa. Kenya ilikuwa na wizara mbili za afya wakati huo. Anyang' Nyong'o, waziri wa huduma za matibabu, alitangaza hadharani kwamba ana saratani ya tezi dume, akaenda kutibiwa Marekani. Haukupita muda mrefu, Beth Mugo, waziri wa afya ya umma, akatangaza kwamba ana saratani ya matiti. Wote wawili walipata tiba na wakaendelea na siasa. Septemba mwaka huohuo Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel na mbunge wa zamani wa Tetu, alifariki kwa saratani ya ovari. Bunge lilipitisha sheria ya kuzuia na kudhibiti saratani mwaka 2012, iliyounda Taasisi ya Kitaifa ya Saratani. Sheria ilikuwa nzuri, fedha zake zikawa haba, na taasisi ilichukua miaka kusimama. Gavana wa Nyeri, Nderitu Gachagua, alipofariki London Februari 2017 kwa saratani ya kongosho, waombolezaji waliuliza swali ambalo lingerudi: kama gavana alilazimika kwenda London, mwananchi aende wapi?

Julai 2019 ndio mwezi ulioipa desturi hii umbo lake la sasa. Tarehe 1 alifariki Bob Collymore, mkuu wa kampuni ya Safaricom, kwa saratani ya damu. Tarehe 26 alifariki Ken Okoth, mbunge wa Kibra mwenye umri wa miaka 41, ambaye mapema mwaka huo alikuwa ameeleza bila kuficha kwamba saratani ya utumbo mpana imemfikia hatua ya nne. Tarehe 29, katika Nairobi Hospital, alifariki Joyce Laboso, gavana wa Bomet.

Msiba wa Laboso ndio ulioigusa nchi ya Wakalenjin moja kwa moja. Alizaliwa 1960, akasomea ualimu, akafundisha Chuo Kikuu cha Egerton na kupata shahada ya uzamifu Uingereza. Siasa zilimjia kwa njia ya msiba: Juni 2008 dada yake Lorna, mbunge wa Sotik, alikufa katika ajali ya ndege pamoja na waziri Kipkalya Kones, na Joyce akashinda uchaguzi mdogo wa kujaza nafasi hiyo. Akawa naibu spika wa Bunge la Kitaifa mwaka 2013. Mwaka 2017 yeye, Charity Ngilu wa Kitui na Anne Waiguru wa Kirinyaga wakawa magavana wanawake wa kwanza nchini. Alipougua alipelekwa London, kisha India, kisha akarudi Nairobi. Watu wa Bomet walimuaga uwanjani mjini kwao, na tarehe 3 Agosti akazikwa Fort Ternan, nyumbani kwa mumewe katika kaunti ya Kisumu. Siku hiyohiyo mwili wa Okoth ulichomwa Kariokor, Nairobi, na uamuzi huo wa familia ukazua mjadala wake.

Katika misiba hiyo kauli ya "kuugua kwa muda mrefu" ilikufa. Ugonjwa ulitajwa kwa jina na kila msemaji, na wabunge wakataka saratani itangazwe kuwa janga la kitaifa. Serikali iliahidi vituo vya saratani katika miji kadhaa, na miaka michache baadaye mashine za mionzi zikafika Nakuru, Mombasa na Garissa; Eldoret nayo ikapata zake. Oktoba 2019 chanjo ya virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ilizinduliwa Mombasa kwa wasichana wa miaka 10. Chanjo hiyo ilikuwa imepangwa kabla ya vifo hivyo, lakini hofu ya mwaka ule iliiandalia masikio.

Majukwaa yalitaja pia sababu, na hapa ndipo hotuba na rejista zilipoachana. Lililopendwa zaidi na wasemaji lilikuwa sumu ya shambani: mbolea, dawa za kuua magugu na wadudu. Ni shutuma yenye mantiki katika kaunti inayolima mahindi na ngano kwa kemikali, na baadhi ya dawa hizo zimepigwa marufuku Ulaya. Lingine lilikuwa chakula. Julai hiyohiyo runinga ya NTV ilionyesha nyama ya madukani iliyotiwa kemikali ya kuihifadhi, na Novemba shirika la viwango KEBS likasimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya aflatoksini, sumu ya kuvu inayojulikana kuleta saratani ya ini. Kwa mkulima wa Uasin Gishu hilo lilikuwa onyo la moja kwa moja: sumu hiyo huingia mahindi yanapovunwa na kuhifadhiwa yakiwa na unyevu.

Utafiti uliofanywa Eldoret ulielekeza kidole ndani ya nyumba. Ulinganisho wa wagonjwa wa saratani ya umio na watu wasio nayo, uliochapishwa 2013, ulihusisha ugonjwa huo na pombe, vinywaji vya moto sana, kung'oka meno, kupikia kuni na makaa, na mursik. Uchunguzi mkubwa zaidi wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, uliofanyika Eldoret sambamba na Malawi na Tanzania, ulirudi kwenye pombe na chai ya moto. Mwaka 2016 shirika hilo lilikuwa tayari limetangaza kwamba vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Busaa na chang'aa, pombe za kienyeji, hazikuwashangaza wengi. Chai iliwashangaza, kwani chai ya maziwa inayofuka moshi ni heshima ya kwanza apewayo mgeni katika baridi ya Uasin Gishu.

Mursik iliwaudhi. Haya ni maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichofukizwa na kusuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet. Ndiyo kinywaji cha harusi na tohara, ndicho wanachopewa wanariadha wakishuka uwanja wa ndege wa Eldoret na medali, na viongozi wakipokelewa nyumbani. Mwaka 2013 wanasayansi walipima mursik ya eneo hilo wakakuta ndani ya sampuli nyingi asetaldehaidi, kemikali ileile ambayo mwili hutengeneza mtu anapokunywa pombe. Wazee walijibu kwamba babu zao waliinywa wakaishi hadi uzeeni. Jibu hilo lina uzito wake, kwa sababu uhusiano uliopimwa katika utafiti mmoja hauthibitishi kwamba kibuyu ndicho kilichoua. Kikundi cha visababishi kinachotenda pamoja, yaani moto wa chai, pombe, moshi wa jiko, meno mabovu, na pengine urithi wa ukoo, ndilo elezo linaloaminika zaidi kwa sasa. Hakuna mwanasiasa aliyelitaja kaburini, na si vigumu kuona kwa nini: kumlaumu mwenye kiwanda cha mbolea hakumpotezei mtu kura, kulaumu mursik na busaa kunampotezea.

Je, saratani imeongezeka kweli? Makadirio ya kimataifa kwa Kenya yalikuwa wagonjwa wapya 47,887 na vifo 32,987 mwaka 2018; wagonjwa 42,116 na vifo 27,092 mwaka 2020; wagonjwa 44,726 na vifo 29,317 mwaka 2022. Tarakimu hizo hazipandi kwa mstari, na kupungua kwake mwaka 2020 kulitokana zaidi na namna ya kukadiria kuliko na afya ya nchi. Kwa kipindi kirefu, hata hivyo, mzigo umekua. Watu wameongezeka na wanaishi miaka mingi zaidi, na saratani nyingi ni magonjwa ya umri; walio na virusi vya Ukimwi hawafi mapema kama zamani; na vipimo vimesogea karibu, hivyo aliyekuwa akizikwa bila jina la ugonjwa sasa ana cheti. Mtu wa Turbo anayehesabu makaburi ya jirani zake na kuona saratani kila mahali hadanganyiki.

Gharama ndiyo iliyobaki kuwa msiba kabla ya msiba. Kabla ya bima kugharimia tiba hii, familia ziliuza ng'ombe, kisha kipande cha shamba, na kuita harambee. Baadaye michango ikahamia kwenye simu na makundi ya WhatsApp. Mfuko wa taifa wa bima ya afya, NHIF, ulianza kulipia idadi maalumu ya awamu za tibakemikali na mionzi. Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyochukua nafasi yake Oktoba 2024 iliweka kwanza kikomo cha shilingi 550,000 kwa kaya kwa mwaka: 400,000 kutoka mfuko wa bima na 150,000 kutoka mfuko wa magonjwa sugu na ya dharura. Kwa saratani iliyogunduliwa mapema, kiasi hicho kiliweza kutosha. Kwa iliyochelewa, ambayo ndiyo ya wagonjwa wengi wanaofika Eldoret, kiliisha kabla ya dawa kuisha, na familia zikarudi kwenye harambee.

Rejista ya Eldoret bado inaandikwa. Kaunti nyingi za Kenya hazina daftari la aina hiyo linalofuatilia wakazi wake wote, na viongozi wanaosimama Sugoi, Turbo au Bomet kumlilia mwenzao wangetenda haki zaidi kwa marehemu kama wangeanza kwa kulisoma, kisha wakatenga fedha za kulipanua hadi kila kaunti.